Mpiga chupa hayumo kwenye habari yenu

Bwana Mhariri,

Salamu kwako na kwa wote wanaofanya kazi hapo gazetini. Mimi ni mshonaji, mama wa miaka 61, kibanda changu kiko hapa Lubumbashi, katika komini ya Kenya, hatua chache kutoka sokoni. (Shemeji yangu wa Kigoma kila nikimwandikia "niko Kenya" anashtuka, anadhani nimehama nchi.) Gazeti lenu analinunua jirani yangu fundi wa saa. Akishamaliza ananipa mimi, nalisoma lote hadi matangazo ya vifo, na baadaye ndipo linapokuwa karatasi ya kukatia vipimo vya nguo. Ukurasa ninaotaka kuusema leo sijaukata.

Mmeandika kuhusu ile jioni ya muziki wa asili iliyofanyika Jumamosi katika serkle, yaani klabu, ya zamani ya wafanyakazi. Nilikuwepo. Niliketi meza ya pili kutoka mbele, upande wa kushoto, karibu na mlango ambao wahudumu wanapita na vinywaji. Mengi mliyoyaandika ni kweli. Watu walijaa, tiketi ilikuwa franga 5 000, na kile kilichotangazwa kwa saa kumi na mbili kilianza saa mbili kasoro. Lakini kuna mstari mmoja umenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Mwandishi wenu anasema yule mzee aliyetoka Likasi "alipiga gitaa lake peke yake".

Peke yake na nani? Pembeni yake aliketi kijana akigonga chupa tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Hata picha yenu inakubaliana na mimi. Angalieni ukingo wa kulia, mtaona kiwiko kimoja na shingo ya chupa. Hapo ndipo mlipomkata.

Basi naandika kwa ajili ya kiwiko hicho.

Mjomba wangu, kaka ya mama, aliingia kazi ya migodi wakati kampuni ikiitwa Union Minière akastaafu wakati ikiitwa Gécamines. Nyumba yake ya kambini ilikuwa upande ambao ukifungua mlango asubuhi kitu cha kwanza unachoona ni lile bomba kubwa la moshi la kiwanda. Alikuwa na gitaa alilolinunua kwa mshahara wa miezi, na jioni watu walikuja kukaa kwenye baraza yake: Waluba, Walunda, Wabemba, Wakasai, hata mmoja aliyeletwa na baba yake kutoka Rwanda akiwa mtoto. Kila mmoja na lugha ya nyumbani kwao, ila pale barazani Kiswahili tu. Mjomba alikuwa akisema kwamba ngoma zilibaki vijijini kwa sababu hazikuingia kwenye treni pamoja na mizigo. Gitaa watu walilinunua dukani, na chupa waliiokota.

Mwaka 1972, ule mwaka tulioambiwa na serikali ya Mobutu tuache majina ya ubatizo, mimi nikiwa na miaka 8, mgongaji wake wa chupa aliwekwa zamu ya usiku. Mjomba akaniita kutoka jikoni, akanipa chupa kubwa ya bia ya Simba na msumari wa paa. Shangazi alipinga kwamba mtoto wa kike hawezi kukaa na wanaume na chupa ya pombe mkononi. Mjomba akamjibu kwamba chupa si ya kunywa, ni ya kazi. Hilo nalo lilikuwa nusu ya ukweli, nitalirudia.

Kwanza alinifundisha kuishika. Chupa haishikwi kiunoni kama mtu anayetaka kunywa, maana ukiikumbatia inakuwa bubu. Unaibana shingoni kwa vidole viwili, mwili wote unaning'inia hewani. Halafu chombo cha kugongea. Kijiko kinatoa sauti ya uvivu. Kisu cha meza kina kelele, kinalia kama mtu anayegombana na jirani. Msumari ndio wenye adabu. Kisha mahali pa kugonga, maana kwenye bega sauti ni kali, kwenye tumbo inanenepa, na mkono ukijua kutembea kati ya bega na tumbo, chupa moja inasema kwa midomo miwili. Mwisho ni kilichomo ndani. Ukitia maji, sauti inashuka, ukiyapunguza, inapanda. Mjomba hakutumia maji. Alianza na chupa iliyojaa karibu nusu, na kati ya wimbo na wimbo aliniomba kidogo akanywa, kwa hiyo chupa ilipanda taratibu usiku kucha na yeye akawa anakaza nyuzi za gitaa kuifuata. Nyimbo za saa nne zilikuwa juu kuliko za saa moja. Wageni walidhani ni ufundi.

Na mapigo yenyewe? Ke, ke, keke, ke. Halafu pumzi. Ke, ke, keke, ke. Ndiyo hayo tu, na ndiyo shida yake. Mpiga gitaa wa kwetu anapiga kwa vidole viwili, gumba linatembea chini kwenye nyuzi nene na kidole cha shahada kinacheza juu, na kila kimoja kina habari zake. Kinaweza kuchelewa, kikatangulia, kikaenda kutembea. Chupa haina ruhusa ya kwenda popote. Mjomba aliniambia: "Mimi nikipotea nitarudi kwako. Wewe ukipotea, tutarudi kwa nani?" Nilikuwa na miaka 8, nikaogopa sana. Usiku ule sikupotea, ila waliniokota usingizini msumari ukiwa bado mkononi.

Fundi wa saa aliposikia kwamba nawaandikia alinicheka. Alisema chupa ni chupa, kila mtu anaweza kugonga, na kwamba hapa mjini ukimwita mtu "mpiga chupa" watu watadhani ni mlevi. Nikampa chupa na mkasi mdogo. Nikamwambia gonga, mimi nikanyage cherehani nishone pindo la sketi, tuone. Cherehani yangu ni ya miguu, ikishika mwendo haibembelezi mtu. Hakufika hata kona ya kwanza ya pindo. Mtu anayerekebisha saa, Bwana Mhariri!

Sasa turudi kwenye serkle. Sitasema mengi juu ya mwanzo kwa sababu mwandishi wenu ameueleza vizuri: hotuba, hotuba nyingine, halafu kundi la ngoma lenye sketi za majani lililofanya kazi nzuri na kutoa jasho. Baba wa kisanji, ile ala ya meno ya chuma inayopigwa kwa vidole gumba, nilimhurumia. Ala ile imewekewa utando wa buibui ili kila jino likiguswa liwe na mvumo wake wa chini, kama nyuki ndani ya kibuyu, na huo mvumo ndio utamu wenyewe. Mtu wa mitambo aliusikia akadhani ni kasoro ya waya. Akaupunguza, akaupunguza, mpaka kikabaki kisanji cha mtoto wa shule. Mzee akawa anatazama maspika kana kwamba yamemsaliti.

Mtangazaji akamwita mpiga gitaa mwisho kabisa, na akaomba radhi: eti sasa tunamalizia na kitu cha kisasa kidogo, kwa sababu gitaa si la mababu. Nilitaka kusimama. Mpiga gitaa Mwenda wa Bayeke alizaliwa mwaka 1930 Bunkeya, mji wa mfalme Msiri, na Hugh Tracey, Mzungu mkusanyaji wa muziki, alimrekodi Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, mwaka 1952. Huo ni muda mrefu kuliko umri wa mtangazaji, wa baba yake sijui. Mzungu yule alizunguka nchi nyingi za Afrika akitafuta muziki wa asili, na alipomsikia Mwenda hakusema "rudi, hili si la mababu". Masengo, mpiga gitaa mwingine wa kwetu, naye alilibeba gitaa hilo hilo mpaka Nairobi miaka ile ile ya 1950, na watu wa huko wakajifunza kutoka kwake. Kama hicho si chetu, basi na hii bukari, yaani ugali, tunayokula tuirudishe, maana mahindi nayo yalikuja kutoka ng'ambo.

Mjomba alikuwa na sahani za santuri za wapiga magitaa wa enzi hizo, zimepangwa kwenye boksi la sabuni. Nilikuwa nazisoma zile karatasi za katikati, nikijifunza herufi kwazo. Jina la mwenye gitaa lipo. Jina la wimbo lipo. Ukiiweka sahani kwenye mashine unasikia chupa wazi kabisa, ke, ke, keke, ke, na jina la aliyeigonga halipo. Nilimuuliza mjomba ni nani. Akasema: "Ni mtu." Nadhani hakukusudia ubaya.

Kijana wa Jumamosi anauza yuniti za simu karibu na pale mjini panapoitwa Tunnel. Alikuja na chupa yake kutoka nyumbani, komini ya Ruashi, imefungwa kwenye taulo, maana mpiga chupa wa kweli ana yake aliyoizoea. Mlinzi wa getini akaichukua. Chupa haziingii na watu wa nje, sheria ni sheria. Kijana akaeleza kwamba yuko kwenye programu. Mlinzi akatazama karatasi: jina la mzee lipo, la kijana halipo. Aliingia mikono mitupu.

Akaenda kaunta kuomba chupa tupu. Wakamwambia alipe vidanje, yaani amana ya chupa, franga 1 000, kwa sababu kasiye, yale makreti ya chupa, lazima zihesabiwe usiku. Akalipa. Hayo yote niliyaona kwa macho yangu, nimewaambia nilikaa karibu na mlango ule.

Nyimbo tatu za kwanza zilikwenda vizuri kabisa. Mzee ana miaka kama 78, mkono wa kushoto umeanza kukakamaa, kuna mahali gumba lilikuwa linachelewa kufika. Kijana hakumfuata kwenye kuchelewa. Alibaki palepale, na mzee akawa anarudi, anarudi, kila mara kama mtu anayeshika ukuta gizani. Watu walicheza bila kujua hilo. Mimi niliona shingo ya mzee ikilegea, nikajua sasa ana amani.

Baada ya wimbo wa tatu watu walipiga makofi, wengine wakapanda kubandika noti kwenye paji la uso la mzee. Kijana akaweka chupa chini kando ya kiti ili ajifute mikono. Akapita mhudumu na sinia lake. Ni binti mwenye bidii, simlaumu: aliona chupa tupu sakafuni, akaiokota pamoja na nyingine. Mzee akaanza wimbo wa nne. Kijana akapeleka mkono chini, akapapasa, akaangalia, hakuna kitu. Watu walicheka wakidhani ni mchezo wa kuchekesha, maana mji huu tumezoea vichekesho. Akachukua chupa ya maji ya plastiki. Pata, pata, patapata. Ilikuwa kama mtu anatembea na viatu vilivyolowa.

Mzee akasimamisha wimbo.

Mimi nilikuwa nakunywa Fanta. Nikamimina yote kwenye glasi, nikabeba chupa, nikapanda jukwaani na umri wangu huu na kitenge changu cha kutoka. Nikampa kijana. Akagonga mara mbili. Mzee akainamisha kichwa kusikiliza, akagusa uzi mwembamba wa gitaa, akakunja uso. Ilikuwa juu mno.

"Mama," akaniambia, "rudisha kidogo."

"Nirudishe nini, papa?"

"Fanta."

Nikashuka, nikachukua glasi, nikapanda tena. Nikawa namimina polepole kama mama anayempimia mtoto dawa, kijana anagonga, mzee anasikiliza. Bado. Bado kidogo. Ilipofika vidole viwili chini ya bega mzee akasema "hapo", na akaanza wimbo bila hata kuhesabu. Ukumbi mzima ulikuwa kimya wakati ule wa kumimina, Bwana Mhariri. Mtu wa mitambo aliondoa mikono kwenye vifungo vyake. Nadhani ndiyo mara pekee usiku ule alipoona kitu kinatafutiwa sauti yake. Mwandishi wenu alikuwa wapi? Kama alitoka nje kupiga simu, namsamehe, lakini basi asiandike "peke yake".

Nyimbo nne zikafuata. Sitazieleza. Mwandishi wenu amezisifu na mimi nakubaliana naye.

Kisha hesabu. Muziki ulipokwisha, waandaaji walipita na bahasha. Kundi la ngoma, bahasha. Baba wa kisanji, bahasha. Mzee, bahasha, na noti za kwenye paji la uso ni zake pia, ndiyo desturi. Kijana hakuwa kwenye liste. Wakamwambia achague kinywaji kimoja. Akasema hanywi pombe, anaomba vidanje yake arudi nayo nyumbani. Kaunta wakamuuliza chupa iko wapi. Akasema mliichukua wenyewe. Wakasema kasiye zimeshahesabiwa. Na chupa yake ya nyumbani, ile ya kwenye taulo, getini hakuna aliyejua ilipo, taulo lilikuwepo. Mzee alipoelewa kinachoendelea alitoa noti kwenye bahasha akampa, lakini hiyo ni juu ya mzee. Kwa upande wa serkle, kijana alipiga nyimbo 8 akatoka na hasara ya franga 1 000 na nauli ya kurudi Ruashi usiku.

Sasa naomba mambo mawili tu.

La kwanza ni lenu. Andikeni kwenye gazeti la wiki hii kwamba mzee wa Likasi hakupiga peke yake, na mtaje jina la aliyekuwa naye. Mimi jina ninalo, lakini sikumwomba ruhusa ya kuliandika, na si mimi mwenye kazi ya kuuliza. Mtumeni mwandishi pale Tunnel. Atamtambua kwa urahisi, ana mwavuli wa njano, na wakati hakuna wateja anagonga mapigo kwa kidole kwenye kijimeza chake. Kama mna picha nzima isiyokatwa, itoeni hiyo. Nafasi haikosekani. Ukurasa ule ule mlimpa mgeni rasmi picha tatu, na moja yuko amefumba macho.

La pili ni la waandaaji, ambao najua wanasoma gazeti hili kwa sababu niliwaona Jumatatu wamelibandika ukutani. Wamesema watafanya jioni nyingine mwezi ujao. Basi kwenye liste ya getini waandike watu wote wanaopanda jukwaani, na kwenye bahasha vilevile. Na ile franga 1 000 warudishe. Najua ni pesa ya andazi. Warudishe tu.

Kuhusu chupa ya Fanta, isije ikasemwa nimeiba. Niliilipia vidanje wakati wa kutoka, yule binti wa sinia ni shahidi. Iko hapa kibandani, juu ya sanduku la vifungo. Nimeichora mstari kwa chaki ya kukatia nguo pale soda ilipofika usiku ule, na chaki nimeizungushia plasta ili isifutike. Kijana akisoma haya, au akisomewa, aje aichukue siku yoyote kabla ya saa kumi na moja. Aitie maji mpaka kwenye mstari. Fanta inavuta sisimizi.

Msomaji wenu,
Mshonaji wa Kenya, Lubumbashi